Unene Wangu na Tezi ya Shingo

(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika bwalo la shule, siku ya kukutana kwetu.)



Barua ya Katibu iliniomba nije kuzungumza juu ya nafasi ya msomi katika utumishi wa umma. Nilikaa na barua hiyo wiki mbili, kisha nikamwandikia Katibu kumwomba ruhusa ya kubadili somo. Juu ya utumishi wa umma mmekwisha kusikia mengi, na nusu yenu mliomo humu ni watumishi wenyewe. Mimi nataka kuzungumza juu ya tumbo langu. (Vicheko.)

Mnacheka, na mna haki. Waliosoma nami wanakumbuka nilivyokuwa: beki wa kushoto wa timu ya shule, mwembamba kama ufito. Fomu ya daktari niliyopeleka Chuo Kikuu mwaka 1999 ilionyesha kilo 61. Mwaka 2016, nikiwa na umri wa miaka 38, mizani ya hospitali ilionyesha kilo 104.

Unene huo haukuja siku moja, wala haukunitia wasiwasi ulipokuwa ukija. Ninyi nyote mnajua mtumishi wa serikali akinenepa anaambiwa nini. "Naona mambo yako mazuri, mzee." Mama yangu mwenyewe, nilipokwenda likizo, alinishika mkono akasema sasa nimekuwa mtu mzima. Hakuna aliyesema, "Mwanangu, unaumwa?" Kwa hiyo nami sikujiuliza.

Yaliyonitisha yalikuwa mengine. Nilikuwa nafanya kazi Dodoma, na Dodoma ya mwezi wa Novemba mnaijua. Wenzangu ofisini walikuwa wanajipepea kwa majalada, mimi nimevaa sweta. Nilikuwa nalala saa tisa usiku na mchana, lakini nikiamka ni kama mtu aliyebeba magunia. Ngozi ilikauka, sauti ikawa nzito ya kukwaruza, choo kikawa cha shida, nikaanza kusahau. Ofisa mipango anayesahau tarakimu ni hasara tupu. Nilisinzia katika kikao kimoja kikubwa, na taarifa ya robo mwaka niliichelewesha kwa majuma mawili. Nikapewa barua ya kujieleza kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu. Nilijieleza kwa kurasa tatu. Kweli yenyewe sikuiandika, kwa sababu sikuijua.

Nilidhani dawa ni kupunguza unene tu. Kulikuwa na kijana aliyepita maofisini akiuza unga wa kupunguza kitambi, kopo shilingi 85,000. Nikanunua makopo mawili. Kwa siku kumi nilishinda chooni, moyo ukanienda mbio hata kitandani, na mizani ikashuka kilo tatu. Nilipoacha, kilo tatu zikarudi zote na mojawapo ikaja na mwenzake. Baadaye nilikuja kujifunza kwamba katika nchi mbalimbali baadhi ya dawa zinazouzwa kiholela namna hiyo zimepimwa zikakutwa na homoni za tezi au kemikali nyingine zisizoandikwa kwenye kopo. Ndani ya kopo langu mlikuwa na nini, sikupata kujua.

Aliyenifumbua macho alikuwa tabibu kijana, umri wa mwanangu angekuwa nimeoa mapema. Nilikwenda kwake kwa ajili ya kikohozi. Alisikia sauti yangu, akanitazama uso uliovimba, akauliza, "Baba, unasikia baridi kuliko wenzako?" Nikamwambia ndiyo. Akanitoa damu.

Hapa naomba wanafunzi wa Baiolojia wanisikilize, na walimu wanisahihishe. Mbele ya shingo, chini ya koromeo, pana tezi yenye umbo kama la kipepeo, ya uzito wa gramu kama 20 kwa mtu mzima. Kazi yake ni kutengeneza homoni iitwayo thairoksini, na homoni hiyo ndiyo inayouambia mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo upige kwa kasi gani, joto liwe kiasi gani. Tezi hiyo haijiamulii mambo yake. Chini ya ubongo iko tezi nyingine, pituitari, ambayo ndiyo makao makuu. Makao makuu yakiona thairoksini imepungua yanatuma homoni ya kuihimiza tezi ya shingo. Kipimo chake kinaitwa TSH. Sasa sisi watumishi tunajua ofisi ya wilaya isipojibu barua inakuwaje: makao makuu yanaandika ya pili, ya tatu, ya kumi. Kwa hiyo TSH ikiwa nyingi mno katika damu, maana yake ni kwamba wilayani hakuna anayejibu. Kwa kawaida kipimo hicho huwa kati ya 0.4 na 4 hivi. Changu kilikuwa 42.

Katika milima yetu hii ugonjwa wa tezi si mgeni. Wazee mliomo humu mnakumbuka akina mama wenye rovu. Bibi yangu alikuwa nalo, akilifunika kwa kitenge. Udongo wa nyanda za juu umeoshwa na mvua kwa zama nyingi mpaka madini joto yamepungua, na tezi bila madini joto haiwezi kutengeneza homoni. Basi huvimba ikijaribu kukamata hata kile kidogo kilichopo. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1980 wilaya zilizoathirika zaidi ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katika miaka ya 1990 ikaja sheria ya kutia madini joto katika chumvi. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, imefanya kazi kubwa katika jambo hili, na ninyi vijana mnaopita sokoni bila kuona rovu hata moja mnakula matunda yake.

Lakini ugonjwa wangu ulikuwa mwingine. Askari wa mwili, wanaotakiwa kupigana na vijidudu, wameigeukia tezi yenyewe na kuibomoa. Mganga wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliueleza mwaka 1912, na unaitwa kwa jina lake. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na labda ndiyo sababu hakuna aliyenifikiria mimi. Jirani zangu walinishauri nile chumvi nyingi. Ushauri huo haufai. Mwenye ugonjwa wa namna yangu, madini joto ya kupita kiasi yanaweza hata kumzidishia.

Tiba yake ni kurudishiwa ile homoni iliyokosekana. Mwaka 1891 mganga wa Kiingereza, George Murray, alimtibu mama mmoja kwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo, na mama yule aliyekuwa taabani akaishi miaka 28 zaidi. Siku hizi kondoo wamepumzika. Kuna kidonge kidogo kiitwacho levothairoksini. Nilianza kukimeza Januari 2017.

Na hapa nilikosea mara mbili, nami nayataja makosa yangu kwa kuwa najua humu ndani wamo watakaoyarudia.

Kosa la kwanza lilikuwa chai. Nilimeza kidonge changu kila asubuhi pamoja na chai ya maziwa, na wiki nane baadaye kipimo hakikuwa kimeshuka kwa maana. Kidonge hiki kinataka tumbo tupu na maji matupu, kisha usubiri nusu saa au saa nzima kabla ya kunywa chai. Maziwa hukizuia, kahawa hukizuia, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vinatakiwa vikae mbali nacho kwa saa nne. Hakuna aliyekuwa ameniambia, nami sikuuliza. Mtu aliyesoma Chuo Kikuu huona aibu kuuliza dawa inamezwaje.

Kosa la pili lilikuwa kubwa. Nilipoanza kukimeza sawasawa, baridi iliondoka, usingizi ukawa wa binadamu, akili ikarudi. Mizani ikashuka kilo tano katika miezi mitatu, nikafurahi sana. Kisha ikasimama. Kilo 99. Mwezi ukapita, miwili, mitatu, 99 ileile. Nikasema: ikiwa kidonge kimoja kimeondoa tano, viwili vitaondoa kumi. Nikaanza kumeza viwili bila kumwambia mtu.

Wiki ya nne mikono ilikuwa inatetemeka hata saini yangu benki wakaikataa. Usiku mmoja moyo ulianza kupiga ovyo ovyo, kama ngoma iliyopigwa na mtoto, na mke wangu akatafuta gari saa nane za usiku. Daktari aliponiuliza na nikakiri, hakunificha. Aliniambia kuzidisha dawa hii kunaharibu mwenendo wa moyo na kudhoofisha mifupa, na kwamba watu wamewahi kufa kwa kuitafutia wembamba. Nchini Marekani maelezo ya dawa hii huwa na onyo kali, lililowekwa ndani ya kisanduku, kwamba isitumike kutibu unene. Kisha akanipa habari iliyoniuma kuliko onyo lenyewe. Kwa kawaida tezi iliyozembea humwongezea mtu kilo mbili mpaka tano hivi, na sehemu kubwa ni chumvi na maji yaliyobaki mwilini. Hizo tano zilikuwa zimekwisha kuondoka. Zilizobaki, alisema, si za tezi.

Nilikasirika, ndugu zangu. Nilikuwa nimepata mshitakiwa mzuri, tezi, nikamtwika kilo zote 43, na mahakama ikamkuta na hatia ya tano tu.

Sasa nataka kurudi katika shule hii, mwaka 1995. Nilikuwa kidato cha tatu, kiranja wa bweni. Katika bweni langu alikuwamo kijana wa kidato cha pili ambaye wengi wenu mtamkumbuka nikisema jina tulilompa; halisi sitalitaja hadharani. Tulimwita Gogo. Alikuwa mnene wa kuvimba, mzito wa kusema, akivaa sweta saa saba mchana. Katika mchakamchaka alibaki nyuma, darasani alisinzia, gwarideni alichelewa. Kila Ijumaa nilipeleka orodha ya wachelewaji kwa mwalimu wa zamu, na kila Ijumaa jina lake lilikuwa la kwanza. Mwalimu aliniamini mimi, naye hana kosa. Adhabu ilikuwa kung'oa visiki kule nyuma ya jiko. Naamini nusu ya uwanja ule wa mpira wa wavu umesafishwa na mikono yake. Nasi tulikuwa tunapita tukiimba. Alipofika kidato cha tatu hakurudi baada ya likizo, na sikumbuki kama nilijiuliza kwa nini.

Nilikuwa sijamfikiria kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka siku ile nilipovaa sweta mwezi wa Novemba.

Julai 2018 nikiwa likizo, nilisimama stendi ya Makambako kusubiri basi. Mtu mmoja mkakamavu, mwenye kovu jembamba shingoni, akanijia akasema, "Shikamoo, Kiranja." Yeye ni rika langu; shikamoo ile ilikuwa na pilipili ndani yake. Sikumtambua mpaka alipocheka. Tulikaa kwenye kibanda cha chai zaidi ya saa mbili na basi langu likaondoka.

Alikuwa amegunduliwa akiwa na miaka 29. Rovu lilikuwa limekua likimbana koo, akapasuliwa, na tangu hapo anameza kidonge kilekile ninachomeza mimi. Nilimwonyesha changu, akanionyesha chake, tukawa kama wazee wanaolinganisha ugoro. Nikamlalamikia juu ya kilo zangu 99. Akaniuliza ninafanya nini tangu nianze dawa. Nikasema ninameza dawa. Akasema, nami nanukuu kadiri ninavyokumbuka, "Mwenzangu, kidonge hakikuniondolea unene. Kilinipa nguvu ya kushika jembe, na jembe ndilo lililoniondolea. Zamani ulinipa jembe bila nguvu."

Sikuwa na jibu. Nililipia chai.

Niliporudi Dodoma nilianza kujihesabia kwa uaminifu, kama mkaguzi. Nilichokiona si siri kwa yeyote aliyewahi kuhudhuria warsha: chai ya saa nne yenye maandazi, sambusa, mayai na soda, chakula cha mchana cha kujipakulia mwenyewe, soda nyingine saa kumi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko vya chai vinane au tisa, nami nilikuwa nakunywa tatu kwa siku na kujisifu kwamba sinywi pombe. Jioni nyumbani ulikuwa ugali wa kufunika sahani, saa tatu na nusu, kisha kitanda. Kutembea kwangu kulikuwa kutoka mlangoni mpaka garini.

Soda niliacha kabisa, maana kuacha nusu sikukuweza. Mke wangu alinibadilishia sahani: nusu mboga za majani, robo maharage au samaki, robo ugali. Mwezi wa kwanza niliinuka mezani kila siku na njaa na hasira, naye akavumilia. Gari nililiacha nyumbani. Kutoka kwangu hadi ofisini ni kilomita tatu na nusu, na nikazitembea kwenda na kurudi. Wiki za kwanza nilipumzika njiani mara mbili, tena mbele ya kijiwe cha bodaboda waliokuwa wananihesabia. Miezi sita baadaye nikaongeza bustani, na kwa jembe langu wenyewe nimepata mchicha wa kuuza.

Kilo zilishuka moja, wakati mwingine moja na nusu, kwa mwezi. Miezi mingine hakuna. Mwisho wa mwaka 2019 nilikuwa na kilo 83. Na kadiri nilivyopungua, minong'ono ikaanza. Nilipokuwa naumwa nilisifiwa. Nilipopona, watu wakaulizana kama nina virusi au madeni. Mmoja aliniletea mahubiri. Wakati wa ule ugonjwa wa korona nilikaa ndani, zikarudi kilo sita, nikaziondoa nne. Leo asubuhi nilikuwa 85. Damu yangu napimwa kila mwaka, na dozi ikibadilishwa tunapima tena baada ya wiki sita mpaka nane, kwa kuwa dawa hii hukaa mwilini muda mrefu na haionyeshi mabadiliko yake kesho yake.

Kuna wenye shida nyingine za homoni, nami si mganga wa kuzieleza zote. Nitaje moja kwa sababu ninyi vijana mna dada na mtakuwa na wake. Mdogo wangu wa kike alinenepa, akaota ndevu kidevuni, siku zake zikawa zinapotea miezi mitatu, na ukweni wakamwita tasa. Ilikuwa shida ya ovari, iendayo pamoja na insulini isiyofanya kazi yake vizuri. Kwa wanawake wengi wa hali hiyo, kupunguza sehemu ya tano mpaka ya kumi kwa mia ya uzito kunaweza kurudisha siku zao. Yeye alitoka kilo 90 hadi 83, siku zikarudi. Mjomba mliyemwona akikimbia hapa nje na mpira ndiye mwanawe. (Makofi.) Tiba yake ilianza hospitali, pale alipopimwa. Miaka minne ya kutukanwa ilikuwa haijampunguzia hata gramu moja.

Na wako ambao tezi yao inafanya kazi kupita kiasi. Hao hukonda huku wanakula, moyo unakwenda mbio, macho yanatokeza, na mtaani wamekwisha kupewa jina la ugonjwa wasio nao. Wakitibiwa hunenepa kidogo, na baadhi huacha dawa kwa ajili hiyo. Wasiache, wakazungumze na daktari wao.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi mawili, halafu nikae.

La kwanza ni kwa viranja wa sasa, ambao nawaona pale wamesimama ukutani na madaftari yao. Jina likijitokeza katika orodha yenu wiki nne mfululizo, kabla ya kulipeleka kwa mwalimu wa zamu lipelekeni kwa mhudumu wa afya wa shule. Mwulizeni mwenzenu kama anasikia baridi. Mwalimu Mkuu ameniahidi kwamba atakayetumwa na mhudumu kupimwa hospitali ya wilaya ataruhusiwa, na mimi na wenzangu watano wa mwaka 1996 tumechanga fedha za vipimo kwa mwaka mmoja wa kuanzia. Bahasha anayo Mweka Hazina.

La pili linahusu daftari la Chama. Mwaka jana nilimwalika yule mwenzetu aje katika mkutano huu. Alijibu kwamba hana haki, kwa kuwa katiba yetu inasema mwanachama ni aliyemaliza kidato cha nne au cha sita hapa, naye aliondoka kidato cha tatu. Nimeisoma katiba; ibara ya nne inasema hivyo kweli. Naomba irekebishwe isomeke "aliyesoma". Ajenda hiyo imo katika karatasi mlizogawiwa, namba saba, na nitaomba ipigiwe kura kabla ya chakula, kwa sababu yuko nje pale chini ya mkaratusi, amekataa kuingia mpaka ipite.